Kuanza maisha: namna ya kupanga jiko la chumba kimoja na kulitunza

Mizigo ya mtu anayehamia chumba chake cha kwanza huwa ileile: godoro, ndoo mbili, begi la nguo, spika na pasi. Jiko "litakuja mambo yakikaa sawa". Basi miezi inakatika kwa chapati za asubuhi za jirani, wali wa mama ntilie mchana na chipsi mayai usiku, na hela ambayo ingenunua mtungi wa gesi inaliwa kidogo kidogo bila kuonekana. Mwongozo huu ni wa mtu huyo: mtu mzima anayejitegemea, peke yake au na mwenzake, kwenye chumba kimoja au chumba na sebule, Dar es Salaam au mji wowote unaofanana nao.

Hela nyingi za mwanzo hupotelea kwenye seti. Seti ya sufuria saba, seti ya visu vilivyochomekwa kwenye kibao, seti ya glasi kumi na mbili. Utatumia viwili au vitatu, vingine vitakaa juu ya kabati kukusanya vumbi. Jiko linunuliwe kwa kufuata chakula unachokula kweli, chombo kimoja kimoja, na pesa ya kwanza yote iende kwenye moto, sufuria na kisu. Vitu hivyo vitatu vikiwa vya hovyo, utaacha kupika ndani ya wiki mbili na hutajua kwa nini.

Anza na karatasi, duka baadaye

Andika vyakula unavyokula kwa wiki ya kawaida, siyo vile unavyotamani kuvijua kupika. Kwa wengi orodha itakuwa chai au uji, wali maharage, ugali na dagaa au mchicha, tambi, mayai, na labda chapati Jumapili. Kisha mbele ya kila chakula andika chombo ambacho bila hicho hakipikiki. Utashangaa orodha ilivyo fupi. Wali, maharage na uji vinataka sufuria tu na kijiko kikubwa. Ugali unaongeza mwiko. Mayai yanaongeza kikaango. Chapati ndiyo yenye gharama: kikaango kizito, kibao na kisukumio, kwa chakula ambacho mama wa jirani anakiuza moto kila asubuhi. Kama hupiki chapati angalau mara moja kwa wiki, viache dukani.

Aliyezoea mapishi ya pwani atauliza habari ya mbuzi wa kukunia nazi. Kwenye masoko mengi ya Dar nazi inakunwa kwa mashine palepale unaponunua, na ukifika nyumbani unahitaji chujio na maji ya vuguvugu tu. Mbuzi atasubiri. Blenda nayo itasubiri: kikwaruzo cha karoti kinamaliza nyanya kwa dakika moja, na kinu kidogo kinatosha kwa vitunguu saumu na tangawizi.

Moto

Kabla hujanunua chochote cha kuchomeka ukutani, muulize mwenye nyumba swali moja: mita ya LUKU ni ya nani? Nyumba nyingi za kupanga zina mita moja kwa wapangaji wanne au watano, na umeme unachangwa kwa kichwa. Mwenye jiko la umeme kwenye nyumba ya namna hiyo atasemwa kila uniti zikiisha, hata kama anachangia kuliko wenzake. Liseme mapema, mkubaliane nyongeza yako mbele ya wote, au uombe ruhusa ya kufunga mita ndogo ya kusomea matumizi ya chumba chako. Kama mita ni yako peke yako, una uhuru wa kuchagua.

Kwa wengi wetu chaguo la kwanza linabaki gesi. Mtungi wa kilo 6 una jiko linalofungwa moja kwa moja juu yake. Uzuri wake hakuna mpira wa kuchakaa wala meza ya kununua. Ubaya wake utauona siku ya kwanza ya ugali, kwa sababu sufuria inakaa juu ya kitu chembamba na kusonga kunataka nguvu. Usisonge ikiwa juu ya mtungi. Unga ukishaanza kushikana, ipua sufuria, iweke chini juu ya kata au kitambaa kilichokunjwa, songa, kisha irudishe motoni iive. Ukiwa na nafasi ya meza, mtungi wa kilo 15 na jiko la pleti mbili ni raha zaidi, na safari za kujaza zinapungua.

Ukinunua gesi, fanya mambo mawili hapohapo dukani. Angalia kama lakiri ya mdomoni haijaguswa, kisha omba mtungi upimwe. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mwili au shingo ya mtungi wenyewe. Jumlisha na kilo 6 au 15 za gesi, na mizani ilete jumla hiyo. Muuzaji anayekasirika ukimwomba mizani ameshakujibu. Kumbuka pia kwamba regulata (kile kifaa cha kupunguza presha kinachofungwa mdomoni mwa mtungi) ya kampuni moja si lazima ikubali mtungi wa kampuni nyingine, kwa hiyo chagua kampuni ambayo wakala wake yuko mtaani kwako.

Kufunga gesi kunahitaji utulivu, kwa hiyo nalieleza polepole. Fungua mlango na dirisha. Hakikisha hakuna jiko la mkaa linalowaka karibu, wala mshumaa, wala mtu anayevuta sigara. Simamisha mtungi wima mahali palipo sawa. Toa lakiri, kisha chungulia mdomo wa valvu uone kama kile kipete cha mpira kipo na hakijapasuka. Kama jiko lako ni la mpira, mpira huo uingie hadi mwisho kwenye regulata na kwenye jiko, na kila upande ukazwe kwa klipu ya chuma kwa bisibisi. Kamba na waya havifai. Funga vitufe vyote vya jiko, ndipo ufungue gesi kwenye mtungi. Sasa chukua sponji yenye povu zito la sabuni ya maji, lipake kwenye valvu, kwenye regulata na kwenye ncha zote mbili za mpira, halafu tazama kwa nusu dakika bila haraka. Povu likituama, salama. Likianza kutoa mapovu yanayokua, hata madogo kama kichwa cha pini, funga valvu, kaza upya, urudie. Usitafute gesi inayovuja kwa kiberiti. Wapo wanaofanya hivyo mpaka leo.

Gesi ya mtungi yenyewe haina harufu, ile unayoisikia imetiwa makusudi ili ikuamshe. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja haipandi darini, inatambaa sakafuni na kujaa chini. Kwenye chumba ambacho godoro limewekwa sakafuni, hiyo maana yake ni kwamba inafika puani mwako ukiwa umelala. Ndiyo sababu kila usiku gesi ifungwe kwenye mtungi wenyewe, siyo kwenye kitufe cha jiko peke yake. Ukiamka na harufu, usiwashe taa wala usiizime, usichomoe chaja. Fungua mlango, funga valvu kama unaifikia, toka nje na uwaite wenzako.

Mtungi ukikaribia kuisha, moto unafifia na watu wanaanza mbinu: kuulaza ubavu, kuutikisa, kuuweka kwenye beseni la maji ya moto. Kuulaza ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu kinachoingia kwenye jiko kinakuwa gesi ya maji badala ya mvuke, na moto unaweza kuruka ghafla. Andika tarehe uliyofunga mtungi kwa maka ubavuni mwake. Ukishafunga mitatu hivi utajua wako unaisha baada ya siku ngapi, na hutakwamia kwenye wali nusu mbichi saa mbili usiku.

Umeme una mahali pake, hasa kwa maharage, makande na nyama ngumu. Jiko la presha la umeme la wati 1,000 likivuta umeme mfululizo kwa saa nzima litakula uniti moja. Ila halivuti mfululizo, linawaka na kujizima lenyewe, kwa hiyo maharage yanaiva chini ya uniti moja. Jiko la koili ni habari nyingine. La wati 2,000 linavuta karibu ampea 9, mzigo ambao ekstensheni nyembamba za mtaani hazikutengenezwa kuubeba. Lichomeke kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja, na plagi ikipata joto mpaka huwezi kuishika, mwite fundi.

Mkaa bado utauhitaji siku gesi imeisha au unataka mahindi ya kuchoma, lakini jiko la mkaa ni la nje. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na mkaa uliokolea usiotoa moshi hata kidogo ndio unaowadanganya watu. Kwa walioko Mbeya, Njombe, Lushoto au Arusha, zile baridi za Juni na Julai zisikushawishi kuingiza jiko ndani ulale nalo.

Sufuria

Tatu zinatosha. Ya lita moja na nusu kwa chai, uji na mayai ya kuchemsha. Ya lita tatu kwa wali na ugali. Ya lita tano kwa maharage, supu na kuchemsha maji ya kunywa. Kila moja na mfuniko wake.

Sufuria nyepesi ya aluminiamu haina ubaya kwa kuchemsha maji. Kwa wali, ukiweza, ongeza pesa upate yenye kitako kizito, kwa sababu gesi inachoma katikati na sufuria nyembamba inakuletea ukoko chini na mchele mgumu juu. Ukiwa dukani iweke juu ya kaunta uiguse pembeni: ikicheza, kitako hakiko sawa na itachezea motoni pia. Vuta mikono yake uone kama ripiti zimekaza. Zungusha mfuniko, unaokaa upande mmoja tu unapoteza mvuke, na wali unaivishwa na mvuke.

Zile sufuria nzito za kusubu, zinazoyeyushwa kwenye karakana kutokana na vyuma chakavu, zina sifa ya kudumu. Tatizo hakuna anayejua kilichoyeyushwa humo ni nini. Vipimo vya maabara vilivyofanywa kwa sufuria za namna hii kutoka nchi kadhaa za Afrika vimekuta madini ya risasi, na risasi ni mbaya zaidi kwa watoto na wajawazito. Mimi sizipikii. Hata aluminiamu ya kiwandani, usiiachie ukwaju, ndimu au mchuzi wa nyanya ukalala humo hadi asubuhi, uchachu unaila. Hamishia kwenye bakuli la kioo, udongo au plastiki ya chakula.

Kikaango kisichoshika ni kizuri kwa mayai ilimradi ukiheshimu: mwiko wa mbao, moto wa wastani, na kisiachwe kitupu motoni, kwani kikipita nyuzi 260 hivi za Selsiasi ule utando unaanza kuharibika na kutoa moshi usiofaa kuvutwa. Ukianza kubanduka, kistaafu.

Habari ya kupalia: aliyelelewa na wali uliopaliwa mkaa juu ataona wali wa gesi hauna kitu. Njia inayokaribia ni kukausha maji kwa moto wa wastani, kupunguza moto hadi mwisho kabisa, kufunika mchele kwa jani la mgomba au sahani ya bati inayoingia ndani ya sufuria, mfuniko juu yake, na kutulia dakika kumi na tano bila kuchungulia. Mfuko wa nailoni juu ya wali, ambao wengi tulikuwa tukiuona, uachwe kabisa. Mifuko yenyewe ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na hata ule mmoja uliobaki nyuma ya mlango haukutengenezwa kwa chakula cha moto.

Kisu

Nunua kimoja kikubwa chenye makali ya sentimita 15 hadi 20 na kimoja kidogo cha kumenyea. Shika mpini: bamba la chuma liwe limeingia ndani hadi mwisho, siyo kipande kilichogandishwa mwanzoni tu. Ubao wa kukatia uwe wa mbao au plastiki ngumu. Kukatia kwenye sahani au kwenye sinki la zege kunaua makali siku hiyohiyo.

Kisu butu ndicho kinachokata vidole, kwa sababu unakikandamiza kinateleza. Mnoaji mwenye baiskeli akipita mtaani mpe, lakini katikati ya zamu zake noa mwenyewe. Loweka kinoo kwenye maji dakika kumi, kiweke juu ya kitambaa kibichi kisiteleze. Laza kisu juu yake, kisha inua mgongo wake kiasi cha kupitisha sarafu mbili au tatu chini yake. Usibadilishe pembe hiyo. Sukuma kana kwamba unakata kipande chembamba juu ya jiwe, kutoka shinani hadi nchani, mara kumi upande mmoja na kumi upande wa pili. Ukipitisha kidole kwa uangalifu kutoka mgongoni kuelekea makalini, siyo kando ya makali, utasikia kiukwaru chembamba upande ambao hukuunoa mwisho. Kitoe kwa kusugua mara moja moja kila upande bila kukandamiza. Jaribio ni nyanya iliyoiva: kisu kikiingia kwenye ganda kwa uzito wake tu, kimenoleka. Huna kinoo? Geuza kikombe cha udongo. Ile duara ya chini isiyopakwa rangi ya kung'aa inanoa vizuri tu.

Vingine, kwa haraka

Mwiko mmoja wa ugali na mmoja wa mboga. Upawa. Chujio la chai na kubwa la nazi au tambi. Sahani nne, mabakuli mawili, vikombe vinne, vijiko sita. Wageni wakizidi, watakula kwenye sinia moja. Chupa ya chai nzuri inaokoa gesi kuliko watu wanavyodhani: chemsha maji asubuhi, jaza, na jioni bado una maji ya moto. Beseni mbili, ndoo yenye bomba kwa maji ya kunywa. Maji hayo yachemke kweli, mapovu makubwa kwa dakika moja, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa.

Hotpoti nunua ndogo. Kubwa inakushawishi kupika chakula kingi.

Stoo ya mtu mmoja

Mchele, maharage na unga vikae kwenye ndoo zenye mifuniko inayobana. Ndoo za mafuta ya kula zikioshwa zinafaa sana. Za rangi ya nyumba hazifai hata zikisuguliwa vipi. Mchele kilo tano ni sawa kwa mtu mmoja. Unga nunua kidogo kidogo, hasa dona, kwa kuwa mafuta ya kiini yamo humo na yanachacha mapema kuliko sembe. Fukusi wakionekana kwenye mchele, uanike kwenye ungo juani, upepete. Mwenye friza aweke mfuko mpya siku nne kabla ya kumimina kwenye ndoo, na mayai ya wadudu yatakufa humo.

Unga, mahindi au karanga zenye ukungu si mali ya kuoshwa au kuanikwa. Sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu huo, haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na mwaka 2004 upande wa Kenya mashariki ilisababisha vifo 125. Karanga iliyosinyaa, yenye rangi ya ajabu au uchungu mdomoni, itemwe.

Maharage yalowekwe usiku, maji yamwagwe, na yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi kabla ya kupunguza moto. Mekundu hasa yana sumu inayokufa kwa mchemko wa kweli tu. Kuyabandika kwenye moto hafifu muda mrefu hakuiondoi. Kuloweka kunakata muda wa kuiva, na gesi ya kilo 6 haihimili maharage makavu ya kila siku mbili.

Kiporo

Bila friji, kanuni ya wazee wa pwani inafanya kazi kwa mchuzi: unachemshwa usiku kabla ya kulala, unachemshwa tena asubuhi, na mwiko haurudishwi ndani baada ya kuonjwa. Mchuzi wa nazi una umri mfupi, ule siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi.

Wali ndio unaodanganya. Mchele una mbegu za bakteria zinazovumilia kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu masaa mengi zinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha. Kwa hiyo wali kiporo unaamuliwa usiku, siyo asubuhi. Ukimaliza kula, utandaze kwenye sinia upoe haraka, kisha uingie kwenye friji ndani ya saa moja au mbili. Huna friji? Pika unaokutosha. Robo kilo ya mchele inamshibisha mtu mwenye njaa na kubakisha kidogo. Anza hapo, kisha rekebisha kwa tumbo lako. Kiporo kilicholala ndani ya sufuria iliyofunikwa kwenye joto la Dar mwezi wa pili, wape kuku.

Friji likija

Lije baada ya miezi michache, ukishajua unapika. La mtumba linafaa ukilikagua likiwa linawaka, siyo kwa maneno ya "hili bosi ni zima kabisa". Liache dukani likiwa limewashwa, zunguka nusu saa, rudi uguse ndani. Funga mlango juu ya noti. Ikichomoka bila kukwama, mpira umechoka na utalipia LUKU ya kupoza chumba. Sikiliza kompresa: lijizime na kuwaka, lisingurume bila kupumzika.

Lisafirishwe wima. Likilazwa kwenye kirikuu, oili ya kompresa inahama, kwa hiyo likifika lisimamishe masaa kadhaa kabla ya kuliwasha. Liachie nafasi ya kiganja kutoka ukutani, na lichomeke kupitia kifaa cha kulinda umeme, maana umeme unaporudi kwa kishindo ndipo kompresa nyingi zinapokufa. Ndani liwe nyuzi 4 za Selsiasi au chini. Nyama mbichi na samaki wakae chini kabisa ndani ya bakuli, wasidondoshee kachumbari. Umeme ukikatika usifungue fungue: lililofungwa linatunza ubaridi kama masaa manne, na friza iliyojaa hadi siku mbili.

Kuosha na kung'arisha

Vyombo vioshwe usiku uleule. Kwanza kwangua mabaki, kisha beseni la maji ya moto yenye sabuni, anza na glasi, malizia na sufuria yenye mafuta, halafu suuza kwa maji yanayotiririka au beseni la pili la maji safi. Vianikwe kwenye kichanja, siyo kupangwa vikiwa na maji. Kitambaa kimoja kinachofuta meza, sahani na mikono kinasambaza uchafu tu. Dodoki na sponji vikaushwe juani, na sponji ikianza kunuka usiivumilie.

Sufuria iliyoungua usiivamie kwa stili waya. Mimina maji, ongeza kijiko cha magadi soda, chemsha dakika kumi, iache ipoe, ukoko utajiachia. Hiyo ni kwa stenlesi. Aluminiamu ikipata magadi inaingia weusi. Yenyewe ichemshie maji yenye maganda ya ndimu au ukwaju, na weusi wa ndani unaondoka. Kabla ya kupikia kuni au mkaa, paka nje ya sufuria sabuni ya kipande iliyoloweshwa, na masizi yatatoka kwa kusuuza.

Jumamosi moja kwa mwezi toa kila kitu. Futa nyuma ya mtungi, zibua vitundu vya jiko kwa pini (moto ukigeuka manjano na kuacha masizi, mara nyingi vimeziba), rudia jaribio la povu, na ukunje mpira wa gesi kidogo kidogo mkononi ukitafuta nyufa. Ukiwa na ufa hata mmoja, badilisha. Usiufunge plasta.

Mende hawaji kwa uchafu peke yake, wanafuata maji. Kausha sinki usiku, ziba tundu la bomba, na maboksi ya dukani yasikae ndani kwani mayai yanakuja nayo. Dawa za wadudu na panya zinazouzwa kwenye chupa za soda zisizo na lebo zisiingie chumba chenye chakula. Nunua yenye maelezo, na iwekwe mbali na rafu ya mafuta na chumvi.

Vyombo vikubwa

Sufuria ya lita 20, sinia kubwa, mbuzi wa kukunia nazi na majagi ya wageni huna haja ya kununua. Kwenye nyumba za kupanga vitu hivyo vinazunguka: leo kwa Mama Fulani kuna arobaini, kesho unaviazima kwa sherehe yako. Cha msingi ni alama. Paka rangi ya kucha kwenye mkono wa kila sufuria na chini ya kila sahani, rangi ambayo jirani hana, na uandike kwenye simu nani amechukua nini. Sufuria ikirudi, angalia na mfuniko wake kabla aliyeileta hajaaga.